Waya Mdogo wa Vern

Yaliyompata rafiki yangu Arlene hayahitaji kutiwa chumvi. Alikuwa fundi wa mashine za eksirei huko Toledo. Siku moja mwenzake Vern alimwomba waya wa kupimia umeme mkubwa.

"Nautumia. Chukua huo mdogo, mzee, unadeka nini?"

"Nikikaangika, nyama utakula wewe," Vern akacheka.

Waya mdogo unahimili volti mia sita. Mashine aliyokuwa akiipima Vern ilikuwa na elfu ishirini. Vern alizikwa Jumamosi, na Arlene, bila haya, akamwambia mjane, "Hakuniomba kitu."

Jumatatu mchana akaenda kuimalizia mashine ileile. Safari hii alichukua waya mkubwa, akaunga kwanza ule wa kupeleka umeme ardhini, akazima taa ili aone kama kuna cheche zinazovuja, kama wafanyavyo mafundi wote. Katika giza la chumba kisicho na dirisha mashine ikaanza kuzomea, sss, sss. Akapima kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akautia mfukoni mwa ovaroli yake, umeme usije ukapita toka mkono hadi mkono kupitia moyoni.

Mfukoni mlikuwa na mkono mwingine. Ulikuwa na joto. Ukaushika wake, ukaanza kuutoa nje taratibu, kuelekea mashine.