Sahani ya Mwali

Kila nikirudi kutoka shule nilitundika mfuko wangu kwenye msumari nyuma ya mlango, nikanawa mikono, nikaenda jikoni kuchukua sahani ya dada Sikuzani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu. Bibi Mwanamkuu, mama yake baba, aliifunika kwa kawa akanipa huku akisema maneno yale yale: "Mpelekee mwali. Usimwage, na usikae huko kupiga soga."

Kwetu Kurui, katika Kisarawe ya wakati wa Waingereza, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Hakutoka mchana wala hakufanya kazi. Alifundwa, alisuguliwa kwa liwa, unga wa mti unaonukia, na alilishwa anenepe, ili siku ya kutolewa acheze ngoma mbele za watu na wasifu nyumba iliyomlea. Dada Sikuzani alikuwa na miaka kumi na sita, na mwaka mzima alikuwa ndani. Mama yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo mlezi wa mwali alikuwa Bibi. Mpeleka sahani nilikuwa mimi, Mwamvita, mwenye miaka kumi na miwili.

Sisi wengine tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Sahani ya mwali ilikuwa na wali wa nazi, mara kwa kuku, mara kwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi ambaye harufu yake ilinitesa njia nzima kutoka jikoni.

Jioni moja dada aliisukuma sahani kando. "Kula wewe, Mwamvita. Mimi kifua kimejaa. Nikila matonge mawili naona kama nimemeza jiwe."

"Bibi atauliza."

"Mwambie nimekula. Kesho nitakula."

Nilikula mpaka nikafuta ukingo kwa kidole. Bibi alipofunua kawa na kuona sahani inang'aa, alicheka kwa furaha.

"Mke mwenzangu, amekula?" Ndivyo alivyopenda kuniita kwa utani.

"Amekula, Bibi. Amemaliza."

Kesho yake dada hakula, wala keshokutwa. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye, na ninaandika haya kwa aibu, nilianza kuomba asipate hamu ya kula. Darasani mawazo yangu yalikuwa kwenye wali ule.

Wakati huohuo dada alizidi kujaa. Miguu ilijaa, uso ukajaa, tumbo likajaa. Bibi alimtazama kwa fahari. "Mnaona? Kazi ya mikono yangu hiyo."

Siku moja nilimkuta dada ameegemea ukuta, midomo imekauka. Aliniambia kwamba siku hizi alilala amekaa vile vile.

"Nikilala chali, pumzi inakatika. Hebu weka mkono hapa."

Niliweka mkono kifuani pake. Moyo ulikuwa ukirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya tenga.

"Huko shuleni kwenu hawafundishi kwa nini moyo wa mtu aliyekaa tu unakwenda mbio?" aliniuliza. "Nenda kwa Bwana Hemedi, umuulize. Nataka kujua nina nini. Usitaje jina langu tu."

Bwana Hemedi alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa katika dispensari iliyokuwa jirani na shule. Kesho yake nilimwendea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo umejikwaa wapi?"

"Siyo mimi. Kuna dada mmoja." Nilimweleza habari za moyo, pumzi na miguu. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Chakula anakula?"

Nilifikiri kwamba nikisema hali chakula, atauliza kinakwenda wapi.

"Anakula sana," nilisema. "Anamaliza sahani."

"Ni mwali?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mtu anayekula sana bila kutembea lazima aheme. Mwambie atembee kidogo chumbani. Lakini asipopata nafuu, mleteni nimwone mwenyewe."

Nilimpelekea dada jibu lile, tena nusu yake, maana ile habari ya kumleta sikuitaja.

"Ulimwambia kwamba sili?"

"Nilisahau."

Hakunigombeza. Tangu siku ile alitembea kama alivyoagizwa, akijishika ukutani. Nikiwa uani ninatwanga nilimsikia: hatua nne, anasimama. Hatua tatu, anasimama. Nilitwanga kwa nguvu zaidi nisisikie.

Zilipobaki wiki mbili mwali atolewe, alikuja Bi Biasha kutoka Mlandizi, upande wa Kibaha. Mwanawe Adamu ndiye aliyemposa dada. Bi Biasha alikuwa mcheshi na sauti yake ilisikika tangu njiani. Aliingia chumbani, sisi tukimfuata, akamkuta mwali amekaa ameinamisha kichwa. Mwali hasemi mbele ya wakwe.

"Lo! Bi Mwanamkuu, mwatulelea mke au mwatulelea kiboko?" alisema akicheka. "Huyu siku akikalia kigoda, kigoda kitalia!" Akamshika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Mmemlisha nini?"

"Muulize mke mwenzangu," Bibi alijibu kwa madaha. "Ndiye mpeleka sahani."

Wote wawili walinigeukia. Mimi nilikuwa nikiutazama mguu wa dada. Pale kidole kilipobonyeza palibaki shimo. Nilisubiri ngozi irudi, na haikurudi. Jasho lilimtiririka dada mashavuni naye amenyamaza, kama alivyofundwa.

"Hali," nilisema.

"Nini?" Bibi aliuliza.

"Dada hali. Chakula chake nakula mimi."

Bibi alijifunika uso kwa kanga, mbele ya mkwe wake. Natamani angenipiga. Bi Biasha ndiye aliyesema kwanza, na kicheko kilikuwa kimemwishia. "Bi Mwanamkuu, hebu tazama. Hapa pamebonyea, hapajarudi."

"Tangu lini?" Bibi aliniuliza.

"Tangu tulipookota korosho."

Wakati ule mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza. Bibi alipiga magoti mbele ya dada. "Sema, mwanangu. Leo nakupa ruhusa, sema."

"Silali, Bibi," dada alisema. "Nikilala, nakufa."

Baba na jirani walimbeba kwa kitanda mchana ule ule, amefunikwa kanga mbili. Watu walisimama njiani kushangaa mwali kutolewa kabla ya siku yake, na wengine walinong'ona maneno mabaya. Bibi alitembea kando ya kitanda bila kumjibu mtu. Mimi nilifuata nyuma, macho chini.

Bwana Hemedi alimsikiliza dada kifuani, akabonyeza miguu, kisha akaniita.

"Uliniambia anakula."

"Nilidanganya."

Alimgeukia Bibi. "Alipokuwa mdogo, aliwahi kuumwa koo na homa, magoti yakavimba?"

Bibi alikumbuka. "Alikuwa na miaka tisa. Tulisema ni mwili unakua."

"Homa ile mara nyingine huharibu vilango vya moyo. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hubaki mwilini. Hayo mliyoyaona ni maji, mama. Na chumvi huyazidisha. Asubuhi lori la mkaa linakwenda Dar es Salaam. Mpelekeni hospitali kubwa, msingoje."

Alikaa hospitali wiki saba. Walimchoma sindano za kutoa maji, wakampa vidonge vya moyo, wakamkataza chumvi na kazi nzito. Alirudi na miguu yake ya zamani, myembamba.

Siku ya kutolewa kwake dada hakucheza. Aliketi kwenye kigoda, na Bi Biasha akaingia uwanjani. "Zamu yake nacheza mimi!" alisema. "Na kigoda hakijalia!" Dada alicheka mpaka akashika kifua, nasi tukanyamaza, kisha akatuashiria tuendelee.

Jioni Bibi aliniita jikoni. Alinipa ile sahani yenye ukingo wa buluu, imejaa wali. Niliiweka chini bila kuigusa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. Siku ile hakuniita mke mwenza. "Wali umekula, nimekusamehe. Mtoto huona njaa. Lakini ulisema 'amemaliza', na mimi niliamini, na Bwana Hemedi aliamini. Dada yako alitafuta jibu, ukampa la uongo. Mgonjwa ambaye hawezi kutoka, wewe ndiye mdomo wake. Sema ulichokiona, hata kama kinakuaibisha. Na mimi nina langu. Nilitazama sahani, sikumtazama mtoto."

Dada Sikuzani aliolewa na Adamu, akaishi miaka tisa zaidi. Nilipokwenda kumuuguza mara ya mwisho kule Mlandizi, nilimlisha uji usio na chumvi, vijiko vitatu. Mumewe aliniuliza mlangoni, "Shemeji, amekula?"

"Vijiko vitatu," nilimjibu. "Vingine amekataa."