Ombi Lililotumwa Baada ya Kifo

Jumanne ile, saa saba mchana, kiti cha Bi Kalamu kilibaki kitupu, na watu wakadhani ameenda kula.

Saa nane na nusu mlinzi alimkuta chini ya ngazi za nyuma, kiatu kimoja mguuni, kingine juu kule. Alikuwa amekufa.

Jina la Bi Kalamu alipewa na wenzake kwa sababu ndiye aliyeandika maombi ya ufadhili ya kituo chao, kituo kinachotibu bure vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Waliokiendesha kituo ni wafadhili, na wafadhili walimjua yeye. Kadi zao za pongezi zilikuja kwa jina lake, naye alizibandika ukutani zote.

"Ameteleza, maskini," mkurugenzi alisema, akijifuta machozi.

"Mkono wake una michubuko ya vidole," Inspekta akajibu. "Kuna mtu alimshika. Daktari anasema alikufa saa saba, haikuzidi saa saba na robo. Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Ugomvi? Na mtu anayetulisha sote? Siku ile ilikuwa ya mwisho kupeleka ombi kwa mfadhili wetu mkubwa. Tungechelewa, kituo kingefungwa. Afadhali alilituma kabla hajafa."

"Lilitumwa saa ngapi?"

Mkurugenzi akaigeuza kompyuta. "Saa nane kasoro dakika tano."

"Mama, maiti hatumi barua pepe."

Neno la siri la kompyuta ile lilijulikana na wafanyakazi wote, kwa hiyo halikumsaidia Inspekta. Akaomba nakala ambayo mkurugenzi aliitia sahihi asubuhi ya Jumanne. Akaweka rula, akalinganisha mstari kwa mstari na ombi lililotumwa. Kurasa kumi na sita zilifanana. Ya kumi na saba ilikuwa na kisa cha mgonjwa mmoja, maana mfadhili yule hakusaidia bila kisa. Kilimhusu fundi cherehani aliyenusurika kukatwa mguu.

Nakala iliyotiwa sahihi ilisema: "Baada ya miezi mitatu, kidonda kilifunga."

Iliyotumwa ilisema: "Baada ya miezi mitatu ya kuoshwa kila asubuhi na muuguzi ambaye hakukosa hata siku moja, kidonda kilifunga."

Akamwita muuguzi wa kituo.

"Sista, Jumanne saa saba ulikuwa wapi?"

"Nakula, kama watu wote."

"Yule fundi cherehani, nani alimwosha kidonda?"

"Mimi. Nani mwingine? Wenzangu kazi yao kuzunguka kwenye viti."

"Ulikosa siku ngapi?"

"Hata moja!"

Inspekta akamsukumia karatasi mbili. Muuguzi alisoma, midomo ikicheza. Akaketi bila kukaribishwa.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Usaha kwangu, makofi kwake. Wageni wakija wananipita kama pazia, wanamkumbatia yeye. Fadhila ya punda, afande. Nikamwambia, dada, niweke hata mstari mmoja. Akacheka. 'Shoga, mfadhili anataka mgonjwa, hataki mwosha beseni.' Akanipa kisogo, akaanza kushuka. Nikamvuta mkono. Alipojinasua, nikamsukuma."

"Hukuita msaada?"

"Nilimpima mapigo. Hayakuwepo."

"Kisha ukaenda kuandika."

"Muda ulikuwa unakwisha! Ningewaacha wagonjwa wangu? Ombi lilikuwa tayari, la kubonyeza tu." Akaitazama mikono yake, iliyochubuliwa na dawa. "Lakini nilipoona kadi zake pale ukutani, donge likanipanda. Nikasema, leo na mimi nisomwe."

"Ungebonyeza tu, Sista, pengine nisingekujua."

"Najua."

Inspekta akamfunga pingu.

Mfadhili alilikataa ombi kwa sababu lilibadilishwa baada ya kutiwa sahihi. Kituo sasa hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi tu. Mkurugenzi huosha vidonda asubuhi, na mchana huandika maombi mapya kwa vidole viwili.