Sakafu ya Chumba cha Bibi

Jumamosi hiyo, kama ilivyo ada, Jenoveva alifagia uwanja na kumkatia ng'ombe majani. Kabla hajamaliza uji wake, baba yake, fundi Tobia, akamwita.

"Bibi anarudi kesho kutoka hospitali ya Bumbuli. Daktari amesema vumbi ndilo linalomkohoza. Leo lazima sakafu ya chumba chake ikamilike."

Marumaru zilikuwa zimeshapangwa. Kilichobaki ni grauti, ile saruji laini ya kuziba mianya. Baba alikoroga kidogo tu kwenye beseni, nzito, akaisukumia mianyani kwa kipande cha mpira. Kabla haijakauka, akafuta kwa sponji lililokamuliwa vizuri, akilipitisha kimshazari ili lisichimbue mianya.

"Umeona? Kipande kwa kipande. Paka, futa, suuza sponji, ndipo usogee. Mimi nakwenda kwa seremala Athumani, tukamalizie kitanda cha bibi."

"Nimeelewa, baba."

Baba alipoondoka tu, Rahma, rafiki wa Jenoveva, akachungulia dirishani. "Jeni, wenzetu wako uwanjani! Netiboli inaanza!"

Jenoveva akaona kazi ya kipande kwa kipande itamchelewesha. Akamimina unga mwingi wa saruji ile, akaongeza maji mpaka grauti ikawa majimaji, akaisambaza chumba kizima. "Nitafuta nikirudi," akajisemea, akatimua mbio.

Walishinda, lakini furaha ilimwishia mlangoni. Marumaru zote zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe. Alipousugua, ukatoa vumbi. Mianya nayo ilianza kupasuka.

"Tandika mkeka," Rahma, aliyerudi naye, akanong'ona. "Nani atafunua?"

Jenoveva alikumbuka jinsi bibi alivyokuwa akikohoa mpaka akashika mbavu.

"Hapana. Vumbi hili atalivuta bibi."

Alikimbia hadi kwa seremala, akasimama mbele ya baba yake akihema. "Baba, nimeharibu sakafu. Nilikoroga grauti nyingi, nikaiacha, nikaenda kucheza."

Baba aliweka msasa chini. Uso ulimkunjamana, lakini hakufoka. "Twende upesi. Huenda haijawa jiwe."

Rahma naye hakwenda kwao. Alichota maji: ndoo moja ya kusuuzia, nyingine ya maji safi. Walikwangua kwa vijiti, wakasugua kwa dodoki lenye unyevu, wakabadilisha maji kila yalipochafuka. Baba aliichimbua mianya iliyopasuka, na Jenoveva akaijaza upya, safari hii kipande kwa kipande. Magoti yalimuuma, mikono ikamchubuka. Jioni walipopitisha kitambaa kikavu, mistari ilikuwa imenyooka na marumaru zikang'aa.

Kesho yake bibi Evelina aliingia akiegemea bega la mjukuu wake. Akaipapasa sakafu kwa unyayo.

"Hee! Nani kanifanyia mambo haya?"

"Jenoveva," baba akajibu.

Jenoveva akainama. "Mara ya kwanza niliharibu, bibi. Nusura tufunike kwa mkeka."

Bibi akacheka, na safari hii hakukohoa. Baba akamtazama binti yake.

"Grauti hufutwa ikiwa mbichi, mwanangu. Kosa nalo ni vivyo hivyo. Ungelifunika kwa mkeka, leo tungelivunja kwa patasi. Haraka yako iliharibu kazi, na ukweli wako ndio ulioiokoa."