Vipande Sita vya Mianzi ya Watupring

Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kipande cha kwanza cha mwanzi kilivunjika ndani ya maabara ya vifaa vya ujenzi, kaskazini mwa mji wa Yogyakarta, kisiwani Java. Kilivunjika mapema mno. Mashine ilikuwa imekikandamiza kwa kilo mia tatu na sabini tu, na kompyuta ya Wening ilikuwa imesema kitahimili mia tisa na kumi na mbili.

Cha pili kilivunjika kwa mia tatu na arobaini. Cha tatu hakikufika hata mia tatu.

“Simamisha,” alisema Profesa Harsana, mkuu wa maabara.

Pak Mujiyo, yaani Bwana Mujiyo, fundi wa mashine, akazima. Wening alikuwa amesimama na karatasi zake mkononi. Miaka mitatu alikuwa akiifundisha kompyuta kuutazama mwanzi kwa picha, unene wake, pingili zake, kipenyo chake, kisha kutaja uzito utakaouvunja. Kwa hesabu hizo alichora daraja la waendao kwa miguu la kijiji cha Watupring, ambako mto ulikuwa umelisomba la zamani na watu walikuwa wakivuka kwa kushikilia kamba.

“Mbak Wening,” alisema Profesa, akimwita dada kwa Kijava, “mwezi uliopita ulituonyesha vipande vya mianzi hiihii vikibeba mia tisa. Leo mbele ya macho yangu vinabeba mia tatu. Kesho saa nane mchana kamati inakutana. Nitawaambia nini? Kwamba takwimu zilipikwa?”

“Sikupika kitu, Prof.”

“Basi nieleze.”

Wening alizipekua karatasi zake mara mbili. Profesa akasema wazi: bila maelezo kufikia saa nane ya kesho, Wening angefutwa katika utafiti, na daraja la Watupring lingefungiwa kabatini.

Walipotoka, Bu Lasmini, yaani Mama Lasmini, aliingia na ufagio. Ndiye aliyekuwa mtunza ghala la maabara, mama wa miaka hamsini na minane, binti wa msuka vikapu. Alikuwa amejua mianzi kabla hajajua kusoma. Aliinama kukusanya vibanzi chini ya mashine, akasita. Kwenye bamba la chuma palikuwa na unga mwembamba wa manjano, laini kama poda ya mtoto. Aliusugua kati ya vidole, akaunusa.

“Mbak Wening! Hebu njoo.”

Wening alikuja akifuta macho.

“Mianzi yako ililowekwa mtoni muda gani?”

“Miezi mitatu, Bu. Mbah Wiryo, babu mkata mianzi wa Watupring, aliizamisha mwenyewe kwenye tope.”

“Na ilikatwa lini?”

“Kiangazi. Mzee yule hakati wakati wa mvua hata umpigie magoti.”

“Basi huu unga umetoka wapi?” Bu Lasmini alimwekea kidole mbele ya pua. “Huu ni unga wa dumuzi. Mdudu huyu anafuata utamu ulio ndani ya mwanzi. Mwanzi ukikaa mtoni miezi mitatu, utamu wote unaondoka na maji, dumuzi anaugeuzia mgongo. Vipande vilivyovunjika leo havijawahi kuonja maji ya mto. Hivi si vyako, mwanangu.”

Wening alikimbilia kompyuta. Kila kipande kilikuwa kimepigwa picha kabla ya kuingia ghalani. Namba tatu ya kwenye picha ilikuwa na pingili tatu; namba tatu iliyolala sakafuni, vipande viwili, ilikuwa na nne.

Walimpelekea Profesa saa nne kasorobo. Alizitazama picha muda mrefu, akavua miwani.

“Picha nazo zinapikika, Bu Lasmini. Mwenye kamera ni yeye huyohuyo. Nileteeni vipande halisi, na nileteeni mtu aliyevibadilisha. Bila hivyo, haya ni maneno tu.”

Nje, Wening alikaa kwenye ngazi. “Nimekwisha, Bu.”

“Hujaisha. Umekula?”

“Sina hamu.”

“Sikukuuliza hamu.” Alimpa vipande viwili vya tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, na pilipili mbichi, akaenda zake kuokota vile vipande.

Kila kipande kilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwa gundi. Bu Lasmini aliisoma ya kwanza, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ambazo zingeweza kuwa za mtu yeyote: *Na. 1, Watupring, Jumatano Wage*. Akasoma ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Zote zilisema Jumatano Wage: siku ya wiki, kisha siku ya soko, moja ya zile tano za Kijava zinazozunguka. Aliinua macho kwenye kalenda ya ukutani. Akarudi ngazini.

“Karatasi zako za jana uliziandika saa ngapi?”

“Saa nane mchana, kabla sijakukabidhi vipande.”

“Na siku ya soko uliitoa wapi?”

“Kwenye kalenda hiyo ya ukutani. Mbah Wiryo alinitaka niandike, yeye tarehe za shule hazimwingii. Niliandika Jumatano Pon. Kwa nini?”

“Kwa sababu hapa pameandikwa Wage. Anayebandua karatasi yenye gundi anaichana, kwa hiyo mtu wetu aliandika mpya. Endelea kula.”

Saa tano na robo alikuwa kibandani kwa Pak Dirjo, mlinzi, ambaye hakuna ufunguo uliotoka bila kupita kwenye daftari lake.

“Pak Dirjo, jana ufunguo wa ghala ulishikwa na nani baada yangu?”

“Wewe uliurudisha saa kumi kamili. Nakumbuka, ulilalamika mguu.” Alilowesha kidole, akafunua. “Mas Togar, kumi na moja na nusu mpaka kumi na mbili kasorobo. Pak Mujiyo, kumi na mbili na dakika tano mpaka kumi na mbili na arobaini. Basi.”

“Una hakika na dakika?”

“Bu, mimi saa yangu naifuatisha adhana. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa Pak Mujiyo alipokuja. Hata nilimtania, nikamwambia sala kwanza mashine baadaye.”

Togar alipatikana kantini. Kijana wa Kibatak kutoka Sumatra, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na kila mtu alijua kwamba yeye na Wening waligombea nafasi moja ya utafiti, akakosa.

“Mas Togar, jana jioni ulitaka nini ghalani?”

“Ala, Bu, mnanishuku mimi?” Alicheka, lakini alisukuma sahani pembeni. “Kwa sababu nilisema mianzi ni ya mabanda ya kuku?”

“Ulisema hivyo mbele ya watu arobaini.”

“Nilisema! Nilikuwa na hasira. Lakini jana nilifuata kipimio changu cha chuma, nikakitafuta robo saa nzima kwa sababu mtu alikiweka chini ya magunia.”

“Ni mimi niliyekiweka. Ulikiacha njiani.” Bu Lasmini akamsogezea karatasi tupu na kalamu. “Niandikie: leo siku gani, na siku ya soko gani.”

“Leo Alhamisi. Soko... Bu, kwetu ziwani soko ni Jumamosi. Mama anakwenda, ananunua samaki, anarudi. Mambo mengine siyajui.”

“Miaka minne hapa Java hujui siku tano za soko? Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, kisha zinaanza tena?”

“Nikitaka kujua, natazama kalenda kama mtu mwingine yeyote.”

“Ungetazama kalenda jana, ungeandika nini?”

Togar alitoa simu, akahesabu. “Jana... Pon. Kwani nimekosea?”

“Hujakosea. Maliza wali wako.”

Pak Mujiyo alikuwa kwenye chumba cha mashine, akipangusa vishikizo kwa kitambaa, ingawa vilikuwa vinang'aa. Miaka ishirini na sita alikuwa akivunja vitu humo: zege, mbao, nondo, kamba. Bu Lasmini alivuta kigoda.

“Pak, nakuuliza wewe kama ninavyowauliza wengine. Jana jioni uliingia ghalani?”

“Niliingia kidogo tu, kabla ya magharibi. Kuchukua mafuta ya mashine.”

“Uliona vipande vya Mbak Wening?”

“Viko rafu ya juu, nani asiyeviona? Sikuvigusa. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani, maana jana jioni ilikuwa Alhamisi Wage, siku aliyozaliwa marehemu baba. Huwa tunamsomea dua. Mke wangu alikuwa ameshapika.”

“Dua ilikuwa na watu?”

“Majirani tu, saba wanane.”

“Mungu aipokee.” Bu Lasmini aliinuka taratibu, akishika goti. “Kesho asubuhi saa mbili Profesa anatutaka wote hapa.”

Profesa alikuwa hajataka kitu bado. Bu Lasmini alikwenda kumwambia kwamba anataka.

Ijumaa saa mbili asubuhi walikusanyika kuizunguka mashine: Profesa, Wening, Togar, Pak Mujiyo, na Pak Dirjo na daftari lake. Bu Lasmini aliweka vipande sita mezani.

“Prof, aliyebadilisha vipande aliandika karatasi hizi upya. Namba aliziweza. Jina la kijiji aliliweza. Siku ya wiki aliiweza, Jumatano. Lakini siku ya soko aliandika Wage, na Jumatano ilikuwa Pon.”

“Mtu anaweza kukosea,” alisema Profesa.

“Anaweza. Lakini tuangalie anakoseaje. Mas Togar angetazama kalenda, akapata Pon. Mbak Wening alitazama kalenda, akapata Pon. Kalenda haikosei, inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Aliyeandika Wage hakutazama popote. Ni mtu ambaye siku ya soko anayo kichwani tangu utotoni, kama sisi tuliolelewa na wazee wa zamani. Kwetu sisi siku inaisha jua likizama. Jumatano ikifika magharibi, Pon imekwenda zake, Wage imeingia. Aliandika Jumatano kwa sababu alijua vipande viliingia Jumatano. Wage iliandikwa na mkono wenyewe, kwa sababu nje jua lilikuwa limezama.”

Profesa, ambaye bibi yake alikuwa wa namna hiyohiyo, alikigeuza kipande kimoja mezani. “Hata wewe ungeandika hivyo, Bu.”

“Hata mimi. Ila mimi ufunguo niliurudisha saa kumi, Pak Dirjo shahidi. Baada ya magharibi uliingia mkono mmoja tu. Na mwenye mkono huo jana aliniambia aliingia kabla ya magharibi, halafu hapohapo akaniambia Jumatano jioni ilikuwa Alhamisi Wage.”

Hakuna aliyemtazama Pak Mujiyo, na hilo lilimwelemea kuliko kutazamwa. Alikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne.

“Hivyo vya dumuzi nilivitoa kwenye uzio wa nyuma,” alisema mwishowe.

“Pak!” Wening alipaza sauti. “Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Ulisimama kule ukumbini ukasema, siku zijazo hatutahitaji kuvunja maelfu ya vipande, kompyuta itatuambia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nikarudi hapa nikaitazama mashine. Nikasema, basi mimi nimebaki wa nini? Wa kupangusa vumbi? Nilitaka ionekane imekosea mara moja tu. Mara moja tu, wanihitaji tena.”

“Ulihitaji nifukuzwe!”

“Sikufikiria kufukuzwa. Wallahi sikufika huko.”

“Hukufikiria kabisa!” Wening alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. “Unajua kompyuta ilijifunza kwa nani? Kwako! Madaftari yako, Pak, ya miaka ishirini na sita! Nimekaa miezi minane nikichapa matokeo ya vipande elfu nne na mia mbili ulivyovunja wewe, na mwandiko wako kama kuku amepita kwenye wino. Jina lako liko ukurasa wa kwanza wa kitabu changu cha utafiti. Ungefunua ukurasa mmoja tu!”

Pak Mujiyo aliachia kitambaa. Akakaa juu ya sanduku la vyuma.

“Vya kwake viko wapi?” aliuliza Profesa. “Umevichoma?”

“Nivichome?” Kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. “Mianzi mizuri vile? Viko kwangu, juu ya dari, nimevifunga kwa shuka.”

Vililetwa saa nne na nusu, na Bu Lasmini alivilinganisha na picha, pingili kwa pingili, Profesa akishika taa. Karatasi za Wening zilikuwa bado juu yavyo, zimechanika pembe. Profesa akamwambia Pak Mujiyo akabidhi ufunguo wa mashine; mambo yake yangesikilizwa wiki inayofuata, na asitegemee kuhurumiwa. Akamwita Togar.

“Prof, mimi mashine hii sijawahi—”

“Leo utawahi.”

Togar alipandisha kipande cha kwanza, akashika kishikizo kwa mikono miwili. Mashine ikaruka.

“Polepole, Mas!” Pak Mujiyo alipiga kelele kutoka mlangoni, kisha akajiziba mdomo. Profesa hakugeuka. Akasema tu, “Mwambie basi.”

“Usiisukume kama unafukuza mbuzi shambani. Iache ikae. Hivyo. Sasa robo mzunguko, usubiri.”

Mia tano. Mia saba. Mia nane na hamsini, na mwanzi ukaanza kulia, sauti ndogo ya uzi unaokatika. Wening alifumba macho. Kilivunjika kwa mia nane tisini na saba.

Cha pili kilifika mia tisa ishirini. Cha tatu kilifika mia tisa na nne. Cha sita kilipovunjika ilikuwa saa saba kamili, watu wamesharudi kutoka sala ya Ijumaa, na hakuna hata kimoja kilichoachana na hesabu ya kompyuta kwa zaidi ya kilo thelathini.

Profesa Harsana aliandika kila namba mwenyewe, akatia sahihi chini, akampa Wening karatasi.

“Saa nane utaisoma mwenyewe mbele ya kamati. Watakuuliza daraja litabeba watu wangapi kwa pamoja.”

“Arobaini, Prof. Na ng'ombe wawili.”

“Ng'ombe? Nani kauliza ng'ombe?”

“Mkuu wa kijiji,” alisema Wening, akipangusa uso kwa kiganja. “Yeye alitaka watatu.”