Barua za Odeta Luhende, Miaka Kumi na Tisa

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishagongwa, Odeta Luhende wa darasa la sita alirudi nyumbani Mkolani, akavua sare, akachukua ufunguo mdogo wa sanduku la barua na kwenda mjini, posta. Mama yake, Tereza, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amekodi sanduku lile ili wateja wa Sengerema na Geita wamwandikie vipimo vyao vya magauni ya harusi. Baadhi yao waliandika viuno vya ujana wao, na gauni likigoma kupanda walimlaumu fundi. Hiyo ndiyo hatari pekee ya barua ambayo Tereza aliijua.

Hakujua kwamba tangu mwezi wa tano sanduku lake lilikuwa limepata kazi ya pili.

Miaka ile magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kumiminika mjini, kila mwezi jipya, na karibu kila moja lilikuwa na ukurasa wa marafiki wa kalamu. Odeta na Selina, aliyeketi naye dawati moja, waliandika tangazo wakati wa kipindi cha sayansikimu, na gazeti likalichapa vile vile lilivyo: Odeta Luhende, miaka 19, mwanachuo. Anapenda kuogelea, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo na watu wa rika zote.

Odeta alikuwa na miaka kumi na miwili. Chuo alikifahamu kwa kupita nje ya uzio wake. Na ingawa alizaliwa ukingoni mwa ziwa, maji yakimfika magotini alianza kuita watu.

Barua zikaja, thelathini na nne kwa miezi miwili. Zote zilianza kwa kusema kwamba mwandishi ni mzima wa afya isipokuwa moyo. Karibu zote zilichorwa ua pembeni, na mawili kati ya maua hayo yalifanana na kabichi. Waandishi wote walikuwa wafanyabiashara, na hakuna aliyetaja anauza nini. Wote walitaka kubadilishana mawazo, lakini ukiisoma barua kutoka juu hadi chini hukukuta wazo hata moja ambalo mtu mwenye akili angelipokea, hata kama angelipewa na nyongeza.

Odeta aliziona tamu. Tamu kupita zote zilikuwa za mtu aliyejiita Chenge Junior, miaka ishirini na mbili. Alituma picha ya kijana aliyeegemea gari jeupe. Alisema gari ni lake. Kijana yule ni nani, hakusema. Aliusifu mwandiko wa Odeta kwamba ni wa mtu aliyekomaa. Mwandiko huo huo, wiki ile ile, mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameuandikia kwa kalamu nyekundu: jitahidi.

Mwezi wa saba Odeta aliugua malaria, na Tereza akaenda posta mwenyewe. Alikuta barua kumi na moja za Miss Odeta L. Alizifungua pale pale kwenye ngazi. Za kwanza zilimchekesha mpaka mlinzi akamsogelea kuuliza kama yu salama. Kisha akafungua moja ya huyo Junior, iliyomwuliza mwanawe analala chumba kimoja na nani. Kicheko kikakauka.

Hakumpiga. Alimngoja apone, akamkalisha, akamweleza utaratibu mpya. Ufunguo ungekaa shingoni mwa mama, pamoja na mkasi. Nyuma ya mlango ilibandikwa karatasi yenye majina tisa: shangazi, binamu, rafiki aliyehamia Bukoba, na wengine wa namna hiyo. Barua ya mtu asiyekuwemo humo ingeingia jikoni bila kufunguliwa. Hakuna picha ya Odeta itakayotoka nje ya nyumba. Na kila barua, ya kuingia na ya kutoka, Odeta angeisoma kwa sauti siku ya Jumamosi mchana, mbele ya mama na bibi.

Bibi huyo ni Bibi Kija, mzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, akionekana nyumbani siku mbili kwa mwezi. Bibi Kija hakuwahi kukanyaga darasa, na kwake herufi zilikuwa nyayo za kuku zilizopita kwenye majivu. Jambo hilo ndilo lililomkera Odeta kuliko ufunguo. Alimlalamikia Selina kwamba nyumba yao imekuwa gereza, tena askari wake hajui kusoma.

Selina alikuwa mmoja wa wale watoto wenye akili nyingi mahali pasipotakiwa. Aliuliza ni majina gani yapo kwenye karatasi. Aliposikia la Winnie, binamu yake Odeta wa Bunda, akasema kazi imekwisha: Junior aandike jina la Winnie nyuma ya bahasha. Barua ya kumwelekeza Junior hivyo aliipeleka posta Selina mwenyewe, kwa fahari ya mtu anayepeleka mwenge.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Tereza aliigeuza bahasha, akaona Winnie, Bunda, akampa Odeta. Mhuri wa posta ulisema Mwanza, lakini hakuuangalia. Watu wengi hutunga sheria vizuri, kisha huchoka kabla hawajaitumia, na siku hiyo Tereza alikuwa na magauni matatu ya harusi ya Jumapili. Odeta aliisoma barua chini ya shuka, akapanga atakachosema kesho yake. Alipanga kama alivyokuwa akipanga majibu ya hesabu, yaani nusu nusu.

Jumamosi mchana wakaketi uani. Tereza alikuwa akipinda ukosi wa gauni. Bibi Kija alikuwa na ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe. Odeta akaifungua karatasi, akasoma kwamba Winnie anawasalimu wote, shule inaendelea vizuri, na ng'ombe wa mama mdogo amezaa ndama jike mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Akasoma kwa sauti ya kengele, akakunja.

"Rudia hapo pa ndama," Bibi Kija akasema bila kuinua macho.

Odeta akakunjua. Akasoma kwamba ng'ombe wa mama mdogo amezaa ndama dume, mwekundu, mwenye nguvu sana.

"Rudia tena. Masikio yangu haya."

Masikio ya Bibi Kija yaliweza kusikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Lakini Odeta, jasho likimtiririka, hakulikumbuka hilo. Alitaka habari za ndama ziishe. Basi mara ya tatu akasoma kwamba kwa bahati mbaya ndama yule amekufa.

Bibi Kija akaweka ungo chini.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini nimesomewa barua miaka hamsini. Nimesomewa na wajomba, na makatekista, hata na mlevi mmoja. Barua ya kweli ukiirudia inasema kile kile. Hii yako imezaa jike, imezaa dume, na sasa imeua. Tereza, chukua hiyo karatasi."

Tereza akaichukua, akaisoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyoshuka. Kipenzi Odeta, ilisema, Jumatano saa nne asubuhi uje stendi ya Buzuruga. Nitavaa kofia nyeupe. Njoo na magauni mawili, sare uache nyumbani. Nimekupatia kazi ya hoteli ng'ambo ya mpaka. Wazee usiwaambie, maana wana mawazo ya zamani.

"Ulikuwa unakwenda?" Tereza akauliza.

Odeta alisimama, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa rambo aliouficha chini ya kitanda. Tereza akatoa gauni la kwanza, kisha la pili. La pili alikuwa amemshonea yeye mwenyewe kwa ajili ya Krismasi, na lilikunjwa vizuri kuliko Odeta alivyowahi kukunja nguo yoyote. Fundi yule aliyeweza kutunga uzi gizani alirudi kwenye cherehani, akashika sindano, na mikono yake ikashindwa kulipata tundu.

Bibi Kija alimwachia mkwewe muda wa kulia, akamtaka Odeta aeleze yote, kuanzia tangazo hadi picha. Halafu akasema kwamba bwana yule ameomba kuonana na Odeta, na si adabu kumnyima.

Jumatano, saa tatu na nusu, walikuwa Buzuruga. Pamoja nao alikuja Ngosha, kamanda wa sungusungu wa mtaa wao, mtu mwenye mikono kama makasia ya boti, aliyejikunyata ndani ya koti ili aonekane abiria. Tereza na Odeta walisimama nyuma ya matenga ya nyanya. Odeta aliambiwa atazame asifumbe macho.

Na alitazama. Aibu kusema, lakini hata wakati huo alikuwa bado anatafuta gari jeupe. Gari jeupe halikuwapo. Kofia nyeupe ilikuwapo, juu ya kichwa cha mtu aliyekaribia miaka hamsini, mwenye tumbo lililomtangulia. Nywele zake zilipakwa rangi nyeusi, na jasho lilikuwa limeanza kuiteremsha shingoni mstari kwa mstari. Alikuwa anakula yai la kuchemsha, akitazama kila msichana aliyepita, hasa wadogo.

Bibi Kija akamwendea polepole, mfuko wa rambo mkononi. Yule bwana alimwamkia kama mtu anayetaka mzee apite haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Junior?"

Yai likasimama karibu na mdomo. Akauliza Junior gani.

"Mimi ndiye Odeta," akasema Bibi Kija, na hakupunguza sauti. "Miaka kumi na tisa, mwanachuo. Magauni mawili haya hapa. Nimekuja tubadilishane mawazo, anza wewe."

Wapiga debe waliacha kuita abiria. Mwanamke muuza mayai akaanza kucheka kabla hajaelewa, na alipoelewa akaacha. Bwana yule akasema anamngoja dada yake, bibi amemfananisha. Bibi Kija akamjibu kwamba anaweza kuwa amemfananisha kweli, maana kwenye picha alikuwa na miaka ishirini na mbili na gari, na sasa ana yai. Ndipo Junior aliponyanyuka kukimbilia basi la Musoma, akakuta mkanda wake wa suruali tayari uko mkononi mwa Ngosha.

Kwenye kituo cha polisi mkoba wake ulifunguliwa mezani. Zilitoka picha saba za wasichana, kila moja na barua yake. Hakuna aliyekuwa na sura ya kuzidi miaka kumi na minne. Mmoja alikuwa na sare na pengo la meno ya mbele, na nyuma ya picha, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, aliandika: miaka 20. Polisi akaanza kunakili majina na shule, ili wazazi wapelekewe habari siku hiyo hiyo. Odeta aliitazama ile picha yenye pengo. Kisha akakaa sakafuni.

Waliporudi nyumbani, Tereza alipita kwanza kwa mama yake Selina, wakazungumza mlango umefungwa. Kisha akamwita mwanawe uani.

"Ulidhani nimeweka sheria kwa sababu sikuamini," akasema. "Kuandika barua si kosa. Nilitaka uandike mpaka mkono uchoke. Lakini yule anayekuandikia humwoni uso, na wewe hujafika umri wa kuujua uso wa mtu hata akiwa mbele yako. Ndiyo maana nikasema barua zisomwe kwa sauti. Rafiki mwema hatapungukiwa na kitu bibi yako akisikia maneno yake. Anayekuambia uwafiche wazee, huyo amekwisha kukueleza nia yake, ila wewe ulikuwa unaangalia maua. Na mimi nilikosa. Nilitunga sheria, kisha nikaangalia jina nisiangalie mhuri. Sitarudia."

Odeta akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alidanganya umri, akadanganya jina la Winnie, akamdharau bibi kwa kutojua kusoma. Akaomba msamaha kwa yote matatu. Bibi Kija akasema mawili ya kwanza amesamehe, la tatu atalifikiria.

Odeta akanyanyuka, akaingia ndani bila kutumwa. Alitoka na barua zote thelathini na nne, na juu yake nyingine sita ambazo hakuna aliyezijua, alizokuwa amezishindilia ndani ya godoro. Picha ya gari jeupe ilikuwa juu kabisa. Barua za Junior na ile picha Tereza alizitenga za kupeleka polisi. Zilizobaki Bibi Kija alizipokea kwa mikono miwili, akaenda nazo jikoni, maana maharage yalikuwa hayajabandikwa na kuni zilikuwa mbichi.

Zilishika moto mara moja. Bibi Kija akasema ni mara ya kwanza wale mabwana kumsaidia mtu.