Zuhura na Nzige wa Runzewe

Siku ya gulio pale Runzewe, Zuhura alikuwa akipenya katikati ya wauza mitumba, dera lake la zambarau likifagia vumbi, mtu mwenye haraka alipompiga kikumbo. Kizimba cha wavu kikamponyoka, kikafunguka. Nzige wakaruka, wakatua kwenye nyanya, kwenye vitenge, kwenye vichwa vya watu.

"Jamani, msiwakanyage!"

Watu waliangua kicheko. Kijana mmoja tu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alipiga magoti akawakusanya kwa kofia yake.

"Dada, hawa unawakaanga au unawafuga?"

"Nawasoma."

"Kwani wana herufi?"

Zuhura akacheka bila kutaka. Kijana huyo aliitwa Abdulshakur, dalali wa dhahabu kutoka Geita. Walipokaa kunywa chai, Zuhura alimweleza utafiti wake wa chuo. Nzige wa Runzewe, wale wanaoruka kwa makundi, na wa Samuye walifanana mno, na hakuna aliyejua kama ni aina moja.

"Miilini mwao mna vimeng'enya, vile vinavyoendesha kazi za mwili. Nawagandisha, nawasaga, kisha majimaji yao nayapitisha kwenye jeli yenye umeme. Vimeng'enya vinatembea humo, vingine mbali, vingine karibu. Nikitia rangi naona michirizi. Nikilinganisha michirizi, najua nani ni ndugu wa nani."

"Kumbe hata huko macho hayatoshi! Sisi nasi dhahabu hatuiamini mpaka tuipime."

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Laazizi, nzige wameamkaje?"

"Wazima, wanakusalimu."

"Na mwenye nzige?"

"Amekukumbuka. Kidogo tu, usivimbe kichwa."

Zuhura alipomtembelea Geita, alivaa gauni la kijani na hina mikononi. Akiwa anapanda ngazi za mgahawa, alimsikia Abdulshakur akiwaambia madalali wenzake, "Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari."

Zuhura alihisi uso ukimwaka. Alimwita pembeni.

"Nzige wangu wanakuaibisha?"

"Zuhura, hawa watanitania mwaka mzima..."

"Basi katafute mwalimu."

Akarudi kwao Shinyanga kwa basi la kwanza. Abdulshakur alipiga simu masika yote, Zuhura hakupokea. Alilia, kisha akaingia maabara.

Huko Samuye, vijijini Shinyanga, hofu ilikuwa imetanda. Wakulima waliamini nzige wao ni wale wa makundi wanaomaliza mashamba, na wengine walikataa kupanda mtama. Majibu yalipotoka, Zuhura alikwenda mwenyewe. Mkutano ulitangazwa redioni, uwanja wa shule ukafurika. Akainua picha ya jeli, akasema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili:

"Tazameni michirizi hii. Ya nzige wa Runzewe inafika hapa, ya wa Samuye inaishia hapa. Hawa wenu ni aina nyingine, hawaruki kwa makundi. Pandeni mtama!"

Vigelegele vililipuka. Mzee Ngusa, mkulima wa hapo, akasimama. "Wabeja, asante sana binti! Wewe ni wa nani?"

"Wa Mzee Salehe, Ngokolo mjini," alijibu, kichwa juu.

"Mzee, shikamoo! Naomba niseme," sauti ikatoka nyuma. Abdulshakur alikuwa amesimama, jasho likimtoka, na wale madalali wa Geita wako naye. Akawageukia. "Niliwaambia ni mwalimu. Nilidanganya kwa haya ya kijinga. Huyu ni mtaalamu wa nzige, na hakuna mwanamke ninayejivunia kama yeye. Zuhura, utanikubali nikuoe?"

Moyo wa Zuhura ulidunda, lakini hakuharakisha.

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao wote."

"Basi lete washenga Ngokolo, Ijumaa baada ya sala," akasema, tabasamu likimshinda. "Sasa kaa chini, wakulima bado wana maswali."

Abdulshakur akaja mbele, akaketi mchangani na shati lake jeupe, akamsikiliza mpaka swali la mwisho.