Nani Kang'oa Mashine ya Kagongwa?

Habari hii alinisimulia Apolonia mwenyewe, Pasaka iliyopita, amekuja likizo, ameketi jikoni kwangu anachambua mchele. Naileta kama alivyoileta.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Sajenti Apolonia, mpelelezi wa polisi, alishuka kwenye bodaboda pale Kagongwa akakuta watu wamefurika mbele ya nyumba ya mashine ya kukoboa mpunga. Kufuli limekatwa, mlango uko wazi. Ndani hamna kitu! Zimebaki boliti nne tu zimesimama sakafuni, moja ina donge la udongo mkavu. Mashine nzima, hewa.

Nje ya mlango, mzee Ngusa, mlinzi wa usiku, amekalishwa chini bila viatu. Vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji, wamemzunguka na marungu yao.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijaiba."

"Hajaiba, ila amelala!" alidakia Bernadina, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Mashine nzito kama ng'ombe watatu inatoka, yeye anakoroma! Jioni hii tunaswaga ng'ombe wake kuwa fidia, halafu anatengwa."

Mzee aliinamisha kichwa. Kutengwa huko kwetu si mchezo. Husalimiwi, huazimwi jembe, na ukifa hakuna wa kukuchimbia kaburi.

"Nipeni mpaka jioni basi," Apolonia akasema.

Mashine ilikuwa mali ya Mfuko wa Amka. Watu wa Shinyanga mpaka Geita walichanga, wakanunua hisa katika kampuni ndogondogo: mashine hii, na karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Geita. Katiba yao ilisema gawio litoke kwenye faida peke yake. Lakini mwenyekiti wao, Donatus, aliombea kura kwa neno moja tu: "Kwangu mimi, gawio halishuki!" Na kweli halikushuka. Jumamosi iliyopita aligawa gawio nono kuliko la mwaka jana, wakambeba juu juu. Bernadina alikuwa amevaa kitenge kipya cha gawio hilo. Ni yeye pia aliyesema siku ile, katikati ya vigelegele, kwamba Jumatatu wanachama wote waje waione hiyo mashine inayowalisha. Ndiyo maana walikuwa wengi hivyo.

"Mwenyekiti," Apolonia alianza, "mara ya mwisho nani aliiona mashine?"

"Mimi, afande. Jana jioni. Nilifungua, nikaifuta vumbi ili wageni waikute safi, nikafunga."

"Ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilisimama kidogo, inasubiri kipuri kutoka Mwanza. Lakini angalia boliti: nati zimefunguliwa kwa spana. Hiyo ni kazi ya fundi. Edson, fundi wetu, yuko wapi?"

Watu wakalipuka. "Edson! Edson huyo!"

Apolonia akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Edson akapokea hapo hapo.

"Niko Kalangalala, huku Geita, afande, nachomelea mageti. Mwenyekiti aliniambia nitafute kibarua mpaka kipuri kije. Muulize tajiri wangu huyu hapa, jana nimeshinda na kulala kwake."

Tajiri akachukua simu, akathibitisha kwa matusi mawili matatu. Watu wakacheka, lakini macho yao yakamrudia Ngusa.

Apolonia akachuchumaa mbele ya mzee. "Baba, kuna usiku hukulinda?"

"Hapana. Labda ule wa msiba wa shangazi, kule Didia, mvua zilipoanza, miezi miwili sasa. Mwenyekiti mwenyewe alinipa nauli na rambirambi. Mtu mwema."

"Uliporudi ukakuta nini?"

"Kufuli liko palepale. Nikaendelea na lindo."

"Ndani uliingia?"

"Ufunguo sina, mwanangu. Mimi wa nje."

Apolonia akainuka. Akarudi ndani, akainama kwenye boliti yenye donge, akatoka mbio.

"Mwenyekiti, njoo! Na ninyi wote! Jana jioni mguu wa mashine ulikuwa umekaa hapa?"

"Ndiyo. Umekazwa hapo hapo."

"Na hili donge ni nini?"

Bernadina akachungulia. "Si nyumba ya nyigu hiyo?"

"Imeizunguka boliti pale pale mguu ulipokazwa. Imekauka. Na vitundu hivi, watoto walishatoka wakaruka. Haya, mwenyekiti, nyigu walijenga usiku wa jana, wakazaa, wakalea, wakahama kabla ya jogoo?"

Donatus akakaa sakafuni.

"Karasha la Geita lilifurika maji ya mvua, likasimama," alisema. "Faida haikuwepo. Mngenielewa? Mliniambia gawio likishuka, na mimi nashuka! Nikamtuma mzee msibani, nikaiuza kwa mtu wa Isaka. Kisha mkataka kuja kuiona... ndiyo jana usiku nikakata kufuli, mzee kasinzia."

"Hela ziko wapi?" sungusungu wakanguruma.

"Mnazo wenyewe! Sikuchukua hata mia. Niliwagawia Jumamosi."

Bernadina akajitazama kifuani, akashika pindo la kitenge.

"Yaani hiki..."

"Ndiyo, mama," Apolonia akamjibu. "Hiyo ndiyo mashine."

Ngusa akainua kichwa. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nalinda nini?"

"Nyigu, baba."

Watu wakaangua kicheko, wengine machozi yakawatoka, na si ya kucheka yote. Bernadina akaviokota viatu vya mzee, akapiga magoti, akamvika mwenyewe. Akageukia wenzake: "Mwenye gawio lake alirudishe, twende Isaka tukaikomboe! Mimi naanza." Hapo ndipo makelele yalipozuka ya kweli. Wengine gawio walishaezekea bati. Donatus akapandishwa gari la polisi lililokuja kumchukua, wao bado wanabishana.

Mzee Ngusa hakungoja mwisho wake. Aliegemea ukuta wa ile nyumba tupu, kwenye jua la mchana, akafunika uso kwa kofia. Ng'ombe wake walikuwa zizini, viatu mguuni, na hapakuwa na kitu cha kulinda. Akalala fofofo.